Koni nne za uzi kutoka Mwanjelwa: lebo inataja unene, haisemi uzi ulisokotwaje

Koni nne zilizopimwa hapa ni zile zile anazokutana nazo fundi wa sweta, fulana au vitambaa vya mezani anapozunguka maduka ya uzi Mwanjelwa, jijini Mbeya. Ya kwanza ni akriliki 2/32, bluu ya shule. Ya pili ni pamba 20/1 ya pete. Ya tatu ni pamba 10/1 ya rota, rangi ya maziwa. Ya nne ni mchanganyiko wa poliesta na pamba, 30/1, uliosokotwa kwa hewa. Pete, rota na hewa ni njia tatu za kusokota uzi, na tutazifikia moja moja. Lebo zote zinataja unene na malighafi. Moja tu, ile ya hewa, inataja namna uzi ulivyosokotwa, na hapo ndipo penye siri ya sweta kuota vipele, mtande (nyuzi za urefu zinazotandikwa kwenye mtambo wa kufumia) kukatika na fulana kupinda mshono baada ya kufuliwa. Ukimuuliza muuzaji atakwambia "huu mgumu, huu laini." Hadanganyi, ila jibu hilo halimtoshi mtu anayenunua kilo 20.

Kuujua uzi hakuhitaji maabara. Kata kipande cha sentimita 10, simama dirishani penye mwanga, kishike ncha zote mbili kwa kidole gumba na cha shahada, kisha kizungushe taratibu kinyume cha msokoto wake. Uzi wa pete utafunguka wote. Nyuzinyuzi zitalala sambamba kama nywele zilizochanwa, na ukivuta kidogo zitaachana, kila upande ukibaki na ncha kama brashi. Uzi wa rota hautafunguka hivyo. Mwili utalegea, lakini hapa na pale utaona vikanda vidogo vimeukaba kiunoni, mithili ya kamba iliyofunga mzigo wa kuni, na ukizidi kuzungusha baadhi ya vikanda hivyo ndiyo kwanza vinakaza. Uzi wa hewa una kiini kilichonyooka tangu mwanzo, na juu yake ganda la nyuzinyuzi lililozunguka kwa mpangilio. Ganda likilegea, kiini kinabaki kimenyooka vile vile. Fanya zoezi hili mara tano sita na hutahitaji tena kumuuliza mtu.

Kabla ya kuingia kwenye koni moja moja, kuna mtego wa namba unaowagharimu mafundi wengi. Pamba huhesabiwa kwa mtindo wa Kiingereza: namba inasema ni vishada vingapi vya yadi 840 vinavyotimiza ratili moja. Akriliki na sufu huhesabiwa kwa mita: kilomita ngapi katika kilo moja. Kwa hiyo pamba 32/2 na akriliki 2/32 si ndugu hata kidogo. Akriliki hiyo ina gramu 62.5 kwa kilomita, pamba ina gramu 36.9 tu. Anayebadilisha moja kwa nyingine bila kurekebisha mashine atapata sweta kama chandarua. Mpangilio wenyewe ni dokezo: kwenye pamba idadi ya nyuzi zilizounganishwa huandikwa mwisho, kwenye akriliki huandikwa mwanzo.

Njia ya kuondoa ubishi ni mizani. Mizani midogo ya sonara, inayosoma hadi gramu 0.01, hupatikana Mbeya bila shida kwa sababu ya wanunuzi wa dhahabu ya Chunya. Chukua ubao ambao mzunguko wake, ukiupima kwa futi ya fundi cherehani, ni mita 1 kamili. Zungusha uzi mara 100 bila kuuvuta, uvue, upime. Akriliki 2/32 itoe gramu 6.25, pamba 20/1 itoe 2.95, pamba 10/1 itoe 5.9, na 30/1 itoe 1.97. Koni zetu zilisoma 6.3, 3.0, 6.6 na 1.96. Tatu ziko sawa. Ile ya rota ina kasoro, na tutaifikia.

Tuanze na akriliki kwa sababu ndiyo inayobeba biashara ya nyanda za juu kusini. Kuanzia Mbeya hadi Makambako na Njombe, sweta za shule hufumwa kwa mashine za mkono, na karibu zote ni za uzi huu. Sweta la mtoto wa darasa la nne au la tano linakula gramu 250 hadi 300. Kwenye mashine ya geji 12, yaani sindano 12 kwa inchi, uzi mmoja wa 2/32 unatosha. Kwenye geji 7 unganisha ncha tatu.

Wengi hudhani akriliki imejaa kwa sababu ni nene. Siri iko kwenye mchanganyiko. Kiwandani, sehemu ya nyuzinyuzi huvutwa zikiwa na joto na kuachwa hivyo hivyo, zikiwa bado na hamu ya kurudi. Sehemu nyingine hutulizwa kwa mvuke kwanza. Zote zinasokotwa pamoja kwa pete, kisha nyuzi mbili zinaunganishwa. Uzi ukipitishwa kwenye mvuke, zile zilizovutwa hujikunja na kufupika, na zile tulivu hulazimika kutuna kwa nje. Hapo ndipo unapatikana ule uzi wenye tumbo, unaoshika hewa na kuzuia baridi ya mwezi wa saba.

Tatizo ni uzi uliotoka kiwandani bila kupitishwa kwenye mvuke huo. Mkononi unaonekana mwembamba na wenye kung'aa kidogo, unafumika vizuri sana, sweta linatoka sawa na kipimo. Mama mtu analifua kwa maji ya moto, linarudi, na mikono inaishia kwenye viwiko. Kipimo chake ni rahisi: kata mita 1, itie kwenye maji yanayochemka dakika 5, ianike kivulini bila kuikamua kwa nguvu, ipime tena. Ikipungua sentimita 5 au zaidi, huo uzi haujatulizwa. Ama uurudishe dukani, ama uuzungushe kuwa vishada na kuupitisha wote kwenye mvuke kabla ya kugusa mashine. Wa kwetu ulitoka na sentimita 98. Hilo ni jibu zuri.

Jaribio la pili ni la utulivu. Shika mita 1 ya uzi, kisha sogeza ncha zako mbili zikutane na uache katikati kuning'inia. Uzi usio na mizani utajizonga wenyewe mizunguko kumi na zaidi. Koni hii ilijizonga mara tatu tu, maana yake msokoto wa kuunganisha, unaokwenda kinyume na msokoto wa kila uzi mmoja, umewekwa kwa kiasi chake. Uzi unaojizonga sana ndio unaofanya sweta la mfumo wa kawaida liegemee upande mmoja, fundi akadhani sindano zake zimechakaa.

Dosari ya koni hii ni mafundo. Kilo nzima ilipofunguliwa ilitoa maunganisho 11, na saba kati yake yalikuwa mafundo ya kufungwa kwa mkono. Mashine za kisasa za kuhamishia uzi kwenye koni huunganisha kwa pumzi ya hewa: ncha mbili zinalazwa pamoja, zinapulizwa, nyuzinyuzi zinashikana, na ukipitisha kidole huhisi kitu. Fundo la mkono likifika kwenye sindano linakwama kwenye ulimi wake, linaacha tundu au kuvunja ndoano. Usingoje lifike katikati ya mstari. Likionekana linapanda kutoka kwenye koni, kata, uanze ncha mpya pembeni mwa kipande, mahali ambapo mshono utaificha.

Na tafadhali, usiikandamize akriliki kwa pasi. Pasi ya mkaa haina kipimo cha joto, na akriliki iliyobanwa ikiwa ya moto inalala moja kwa moja. Lile tumbo halirudi. Weka kitambaa kilicholowa juu ya sweta, sogeza pasi juu yake bila kuegemea, mvuke ufanye kazi, kisha acha lipoe mahali pale pale kabla ya kulikunja.

Pamba 20/1 ya pete ndiyo iliyosokotwa vizuri kuliko zote nne. Njia yenyewe ni ya zamani. Mmarekani John Thorp alipata hataza yake mwaka 1828, na mpaka leo hakuna njia iliyoishinda kwa uimara na ulaini wa uzi. Pamba ikishachambuliwa kwenye vinu hufunguliwa na kupigwa ili itoe takataka, hupita kwenye mashine ya kadi yenye meno ya waya, na kutoka ikiwa utepe mnene. Tepe sita au nane huvutwa pamoja ili mahali pembamba pa mmoja pazibwe na pene pa mwingine. Utepe huo unapunguzwa kuwa utambi, na utambi ndio unaoingia kwenye mashine ya pete. Rola za mbele huzunguka kasi kuliko za nyuma, zikiuvuta utambi mara 20 hadi 40. Uzi mchanga unapita kwenye kikulabu kidogo cha chuma kinachokimbia juu ya pete inayoizunguka spindeli, na kila mzunguko wa spindeli unaongeza karibu msokoto mmoja.

Hapo ndipo bei yake inapoeleweka. Spindeli inayozunguka mara 18,000 kwa dakika, ikiweka misokoto 800 kwa kila mita, inatoa mita 22.5 tu kwa dakika. Huwezi kuikimbiza kupita kiasi kwa sababu kile kikulabu kikifika mita 40 kwa sekunde, sawa na kilomita 144 kwa saa, msuguano unakiunguza. Tena bobini yake ni ndogo, inabeba gramu chache chache, hivyo uzi lazima uhamishiwe kwenye koni kwa hatua nyingine.

Tulihesabu msokoto: sentimita 10 zilihitaji mizunguko 57 hadi nyuzinyuzi zinyooke. Huo ni msokoto wa uzi wa kufumia fulana na soksi. Uzi wa mtande wa unene huu unatakiwa uwe na mizunguko 74 au karibu na hapo. Kwa hiyo anayetaka kutandika mtambo wa kufumia vitambaa vya mezani au vikoi asivutwe na ulaini wa koni hii. Itamkatikia kwenye chanuo, kile kitana cha mtambo, siku nzima. Itumie kama mshindio, yaani uzi unaokatiza mtande, ncha mbili au tatu pamoja, ambako kazi yake ni nzuri mno: kitambaa kinaanguka vizuri na kunywa maji. Kwa mtande ulizia 20/2. Ukilazimika kutumia uzi mmoja mmoja, upake uji mwembamba wa wanga wa muhogo, gramu 50 hadi 80 kwa lita 1 ya maji, uliochemshwa mpaka uwe wazi na kuchujwa kwa kitambaa. Panua nyuzi zikauke zikiwa zimetengana, la sivyo zitagandana.

Kasoro moja ndogo: ni pamba ya kadi tu, haikuchanwa mara ya pili. Ukiuzungusha uzi kwenye kadibodi nyeusi, mistari ikiwa karibu karibu, utaona vinundu vyeupe mfano wa punje za chumvi. Kwenye kitambaa cheupe si kitu. Kwenye rangi nzito vitatokeza kama madoa, maana nyuzinyuzi changa za vinundu hivyo hazishiki rangi sawasawa.

Sasa rota. Njia hii iliingia viwandani kwa nguvu mwaka 1967, kwa mashine ya BD 200 iliyotengenezwa Chekoslovakia, na ilikata hatua mbili kwa mpigo: hakuna utambi, hakuna kuhamisha bobini. Utepe unaingia moja kwa moja, rola yenye meno inaupasua nyuzinyuzi moja moja, hewa inazibeba hadi kwenye kikombe kinachozunguka kwa kasi kubwa, zinajipanga kwenye mfereji wake wa ndani, na kutoka hapo zinavutwa zikisokotwa. Kikombe kinachozunguka mara 100,000 kwa dakika, kwa misokoto 900 kwa mita, kinatoa mita 111 kwa dakika, uzi ukienda kwenye koni kubwa papo hapo. Ndiyo maana ni rahisi, na ndiyo maana maunganisho yake ni machache. Vile vikanda tulivyoviona dirishani ni nyuzinyuzi zilizochelewa kufika, zikauzonga uzi uliokwisha kufanyika.

Uzi wa rota una nguvu pungufu kuliko wa pete kwa asilimia 10 hadi 30, lakini umelingana zaidi unene, hauna manyoya mengi na unapokea rangi vizuri. Unafaa sana kwa mshindio wa mikeka ya kitambaa, taulo za jikoni, dasta na matambara ya deki. Kuupuuza kwa jumla ni kosa. Ukiupa kazi yake haukuangushi. Kosa lingine ni kuufumia sweta la mtoto mdogo, kwa sababu unakwaruza shingoni.

Koni hii mahususi haistahili bei yake. Gramu 6.6 badala ya 5.9 maana yake kilo moja ina mita 15,150, si 16,950. Kwa anayenunua kwa kilo na kuuza kwa kipande, kila kilo kumi anapoteza mita 18,000. La pili ni baya zaidi. Kwenye kadibodi nyeusi uzi ulionyesha pene na pembamba vikijirudia kila baada ya sentimita 10 hivi, umbali ule ule, mstari baada ya mstari. Urefu huo ni mzunguko wa mfereji wa kikombe cha rota chenye kipenyo cha milimita 33. Vumbi au kipande cha ganda la mbegu kimeganda kwenye mfereji, na kila kikizunguka kinaacha alama. Ukifuma kitambaa kipana kwa uzi huu yatatokea mawimbi kama ya mbao iliyorandwa, na hakuna kufua wala kupiga pasi kutakakoyaondoa. Kwa matambara ya deki endelea nayo. Kwa kitambaa cha kuuza, hapana.

Uzi wa hewa ndio mgeni kati ya hizi nne. Kampuni ya Murata ya Japani ilionyesha mashine yake mwaka 1997. Nyuzinyuzi zilizovutwa na rola zinaingia kwenye tundu ambamo hewa iliyobanwa inazunguka kama kimbunga. Ncha za nje zinapeperushwa na kuuzunguka uzi, za ndani zinabaki zimenyooka. Hakuna chuma kinachozunguka na uzi, kwa hiyo mita 400 hadi 500 kwa dakika zinawezekana. Hewa hiyo hufyonza nyuzinyuzi fupi na kuzitupa, ndiyo maana pamba fupi haiifai na ndiyo maana mara nyingi huuzwa ikiwa imechanganywa na poliesta.

Kwa fulana za michezo na sare, koni hii inatosheleza kabisa. Manyoya yake ni machache mno, na vipele huanzia kwenye manyoya: yakisuguana yanajiviringisha, na poliesta kwa uimara wake inakataa kuyaachia. Fulana ya uzi huu inabaki safi pale ambapo ya pete yenye mchanganyiko ule ule imeshaanza kuota vipele makwapani. Wala haizungushi mshono kuuleta tumboni kama ya pete. Ila ukiishika ni kavu na ngumu kidogo, na atakayeitaka iwe laini kama pamba ya pete hataipata. Kasoro ya kuangalia ni mahali palipokosa ganda, pale tundu la hewa lilipoziba kwa muda. Vuta vipande kumi vya sentimita 50 kwa nguvu sawa. Kimoja kikiachana kama pamba ghafi wakati tisa vimegoma, jaribu koni nyingine. Vyetu vyote kumi viligoma.

Neno juu ya hali ya hewa, maana Mbeya iko juu ya mita 1,600 na kiangazi chake ni kikavu. Pamba katika hali ya kawaida hubeba maji asilimia 8.5 ya uzito wake. Akriliki hubeba asilimia 2 au chini yake. Kuanzia mwezi wa saba hadi wa kumi pamba hukauka, hupungua nguvu na kukatika ovyo. Akriliki nayo hujaa umeme, inanata kwenye vishikizo vya mashine na kuvuta vumbi. Mwagia sakafu maji asubuhi, tundika taulo lililolowa karibu na mashine, na pitisha uzi kwenye kipande cha mshumaa kabla haujafika kwenye sindano. Masika ni kinyume: koni ya pamba iliyokaa kwenye stoo yenye unyevu inakuuzia maji kwa bei ya uzi, kisha inaota ukungu kuanzia chini. Inuse kabla ya kulipa.

Omba pia kupima koni tupu. Karatasi ya ndani yaweza kufika gramu 50 au zaidi, na muuzaji muungwana anaitoa kwenye hesabu. Wale walioandaa oda za sare za Januari wachukue uzi wote wa loti moja, yaani uliotiwa rangi pamoja, kwa siku moja, pamoja na koni ya ziada, na waandike namba ya loti kwa kalamu ndani ya kila karatasi kabla ya kutupa lebo. Bluu ya loti mbili ikikutana mwilini na mikononi mwa sweta moja, dukani hutaiona tofauti. Utaiona nje, kwenye jua.